Mbegu za Ngogwe za Mama

Morogoro Mjini,
9 Januari 1994

Dada Felista,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na shemeji Yohana kifua kimempa nafuu. Sisi hapa hatuna neno. Mwaka mpya tuliuanza kwa misa ya asubuhi, tukarudi kula pilau mpaka tukashindwa kuinuka. Deogratias anakusalimu sana. Pale kiwandani siku hizi hapumui, wamempandisha, na mimi namwambia ukubwa huo utakuzeesha kabla ya siku zako. Amenunua redio ya kaseti mbili, majirani wote wanajazana kwetu kusikiliza.

Ungeshuka mjini ungeshangaa, dada. Ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni imekwisha kabisa. Maduka yamejaa mpaka nje, mitumba imemwagwa kila kona. Nimepata viatu vya kisigino ambavyo hata mke wa meneja wao hana.

Janeth amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Amerefuka, kanipita bega. Mjomba Kasimiri alipotutembelea Krismasi alimtazama juu hadi chini, akasema, "Huyu ndiye mwenye bustani ya mtoni." Unamjua mjomba na mambo ya ukoo. Eti kwetu shamba la mama hufuata binti, na wewe Mungu kakujalia wavulana watupu, basi baada yako hakuna mwingine. Mimi nilicheka tu.

Sasa nina ombi. Nimepata hamu ya bustani msimu huu wa masika, hapa nyuma ya nyumba, kujifurahisha tu maana kukaa bure kunachosha. Nataka zile ngogwe nyeupe za mama, nyanya chungu ambazo si chungu. Za pakiti za dukani nimezionja kwa watu, hazifui dafu. Naomba unijazie mbegu kopo moja la majani ya chai. Na unikumbushe kitalu kinavyoandaliwa, maana wakati mama anakufundisha wewe, mimi nilikuwa jikoni na masufuria.

Ni mimi mdogo wako,
Martina


Matombo,
30 Januari 1994

Mdogo wangu Martina,

Marahaba. Barua yako ilikaa misheni wiki mbili kwa sababu hakuna aliyepita huku kwetu. Yohana bado anakohoa. Kati ya wavulana wangu, Lukasi yuko Dar es Salaam, haandiki. Godfrey yupo, anasaidia kubeba ndizi mpaka barabarani. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Sisi hatuna redio ya kaseti mbili, lakini jogoo anawika kwa wakati wake.

Nimefurahi kusikia shemeji Deogratias amepanda. Nimefurahi na viatu vyako. Huku nikivaa hivyo nitavunjika shingo kabla sijafika kisimani.

Nimesoma ombi lako mara mbili. Kopo zima la mbegu za ngogwe linatosha nusu ya kijiji. Sijui bustani za nyuma ya nyumba huko mjini siku hizi zina ukubwa gani. Lakini umeomba, na wewe ni mdogo wangu. Nimekuandalia mwenyewe kwa mikono yangu. Anakuletea Sabra, yule anayeshusha ndizi sokoni.

Kitalu ni hivi. Fyeka, na majani usiyachome, yazike. Tifua mpaka jembe lizame lote. Samadi iwe ya zamani, ile ambayo haina tena harufu. Ya mbuzi ni bora kuliko ya ng'ombe. Inua tuta, upana wake mkono wako ufike katikati bila mguu kulikanyaga. Chora mistari kwa kidole, sia mbegu kwa kuachanisha, funika na udongo mwembamba, tandaza nyasi kavu juu, mwagilia asubuhi na jioni. Zikianza kuchungulia, ondoa nyasi, weka kichanja cha kivuli. Miche ikipata majani manne au matano, mvua nazo zitakuwa zimefika, pandikiza siku ya mawingu.

Maneno ya mjomba nimeyasikia. Bustani ya mtoni ina mtu, na mtu huyo bado anashika jembe.

Dada yako,
Felista


Morogoro Mjini,
1 Machi 1994

Dada Felista,

Shikamoo. Sabra alinifikishia mzigo, ahsante sana. Hatujambo. Deogratias ana kazi nyingi mno. Janeth anakuamkia.

Dada, mbegu zimekataa. Leo ni wiki tatu na siku mbili. Nilifanya kila ulichoandika, barua yako nilikwenda nayo bustanini nikawa naisoma huku nimechuchumaa. Samadi nilibeba kichwani kutoka mbali. Nimemwagilia asubuhi na jioni mpaka mgongo umegoma. Juzi nilifukua kidogo kwa kijiti, nikazikuta zimelala vilevile nilivyozilaza, hazijavimba wala kupasuka. Nyingine zimeanza kuoza.

Labda nilizizika mno. Labda maji yalizidi. Niambie nilikosea wapi. Na kama unazo nyingine, hata nusu kopo, naomba unitumie haraka kabla mvua hazijakolea, maana baadhi nilikuwa nimewagawia wanawake wanne ninaofahamiana nao, na wao wamekuwa wakiniuliza kila siku.

Tafadhali safari hii Sabra asifike nyumbani. Mzigo na barua aviache dukani kwa Said, pale sokoni, upande wa viungo. Ni rahisi zaidi kwangu.

Mdogo wako,
Martina


Matombo,
22 Machi 1994

Martina,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua zimeanza vizuri, mto umejaa, na usiku tunalala tukisikia mawe yanavyosukumwa. Miche yangu ya ngogwe nimeipandikiza Jumamosi iliyopita, mistari kumi na minane, yote imeshika. Watu wanaopita njiani wanasimama kuitazama.

Mbegu nyingine sina. Nilizokuwa nazo nilikupa.

Umeuliza ulikosea wapi. Mimi sikuwapo, siwezi kujua. Ardhi ya huko chini ni ya joto. Lakini pia tusidanganyane, mama alisema tangu tukiwa wadogo kwamba wewe huna mkono wa mboga. Unakumbuka ulivyopanda vitunguu kichwa chini? Kila mtu amepewa lake. Wewe umepewa mji, mume mwenye cheo na maduka yaliyojaa. Ngogwe nunua sokoni, mdogo wangu, uwezo unao.

Halafu hilo la duka la Said sikulielewa. Nyumba yenu imehamia sokoni?

Felista


Matombo,
8 Mei 1994

Mdogo wangu Martina,

Pasaka imepita na sikupata hata salamu. Nilidhani umenuna kwa yale niliyoandika, nikasema moyoni, acha anune. Lakini wiki hii Sabra amerudi na habari ambazo zimenifanya nikose hamu ya kula.

Anasema alipita kwenu, kwenye zile nyumba za kiwanda, kuulizia barua yako, kwa sababu Said alikuwa amefunga duka. Akapiga hodi. Akatoka mwanamke asiyemjua, amefunga khanga, ana mtoto mgongoni. Sabra akauliza, "Mama Janeth yupo?" Mwanamke akasema, "Hao walishaondolewa tangu Februari." Walikwenda wapi hajui.

Nikamwambia Sabra umekosea nyumba. Akasema, "Dada Felista, mimi nyumba ile nimeshusha mikungu ya ndizi miaka sita, nitaikosea vipi?" Kisha akaniambia kingine, na hiki aliniambia akiwa anaangalia chini. Gari lao lilipokuwa linapita Kingolwira, njia ya Dar, aliwaona wanawake wanaponda kokoto kando ya barabara, na mmoja wa wale wasichana alikuwa Janeth.

Barua hii Sabra ataiacha kwa Said akifungua. Martina, niandikie. Usiniandikie habari za redio. Niambie mko wapi na mnakula nini.

Dada yako,
Felista


Kingolwira,
29 Mei 1994

Dada Felista,

Shikamoo. Umeniuliza, basi nitakuambia.

Deogratias alipunguzwa kazini tangu tarehe kumi Desemba. Walisomwa majina getini, watu mia na zaidi, kwamba kiwanda kinauzwa na mwenye kununua hataki watu wengi. Nyumba tukaambiwa tuiachie mwisho wa Februari. Nilipokuandikia barua ile ya mwaka mpya, pilau tulikula kwa jirani. Redio ilikuwepo kweli, lakini siku niliyokuandikia ilikuwa imeshauzwa. Viatu vilikuwa vya mtu mwingine, nilivijaribu tu pale mnadani nikavirudisha.

Utauliza kwa nini nilidanganya. Nilitaka unionee wivu. Nimekaa huku mjini miaka yote nikijua wewe ndiye uliyebaki na mama, ukamzika mama, ukashika bustani ya mama, na kila anayetoka Matombo anakusifu wewe. Mimi nilikuwa na mume mwenye mshahara tu. Mshahara ulipokwisha, nikaona nikikuambia nitabaki sina hata kitu kimoja cha kukuzidi.

Mzee mmoja huku alituazima kipande cha ardhi kando ya kijito. Nikakutana na wanawake wanne, waume zao nao walipunguzwa siku ile ile. Nikawaambia, "Dada yangu ana mbegu za ngogwe ambazo hazipatikani popote, mjini watazigombania." Wakaniamini. Tulifyeka wote watano, tukatifua Januari nzima jua likituchoma, kila mtu akatengeneza kitalu chake. Walikuwa na nafasi ya kupanda mchicha na bamia, wakaiacha kwa sababu yangu. Tulipotambua kwamba hakuna kitakachoota, mvua zilikuwa zimefika na wenzetu wote wameshapandikiza. Masika yametupita hivyo. Wale wanawake hawanisemeshi. Mmoja aliniambia mbele za watu, "Wewe una mkosi mikononi."

Nimeamini, dada. Kitalu kimoja kukataa ingekuwa bahati mbaya. Lakini vitalu vitano, wanawake watano, na ni mimi niliyewagawia kwa mkono wangu! Mama alisema kweli.

Deogratias anakaa mlangoni kutwa. Tunaponda kokoto, mimi na Janeth. Usimwambie mjomba.

Martina


Matombo,
19 Juni 1994

Mdogo wangu Martina,

Barua hii nimeianza mara nne. Leo Yohana amekwenda misheni, niko peke yangu, nitaimaliza.

Mkono wako hauna mkosi. Mbegu ziliuawa kabla hazijakufikia, na niliyeziua ni mimi.

Ilikuwa siku moja kabla Sabra hajateremka. Mbegu nilikuwa nimeshazijaza kwenye kopo, nzuri, nilizichagua kweli, kwa sababu nilitaka uone kwamba mimi si mchoyo. Kisha nikaisoma tena barua yako. Nikafika pale uliposema Mungu amenijalia wavulana watupu, na kwamba ulicheka. Maji ya ugali yalikuwa yanachemka jikoni. Nikazimimina mbegu kwenye bakuli, nikazimwagia yale maji, nikazifunika. Nikazitazama. Halafu nikazichuja, nikazianika juani juu ya ungo mpaka zikakauka, nikazirudisha koponi. Huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Sikuteleza wala sikusahau kitu. Nilijua ninachofanya, na jioni ile nilikula nikashiba.

Nitakuambia kilichokuwa moyoni, si kwa kujitetea. Unajua mimi nilikuwa na Esther. Ulipoandika wavulana watupu hukumtaja. Surua ilimchukua akiwa na miaka miwili, na miezi minne baadaye ukaja kujifungulia kwa mama, akazaliwa Janeth. Mama alikuwa hajacheka tangu msiba. Akambeba mtoto wako mpaka mlangoni, akamwonyesha mtoni, akasema, "Sasa bustani imepata mwenyewe." Nilikuwa nimesimama pale na ndoo ya maji yako ya kuoga, Martina. Niliibeba ile ndoo mpaka ndani, nikakuogesha.

Tangu siku hiyo kila tuta ninaloinua pale mtoni nalijua ni la mtoto wako. Nimelima miaka kumi na minane nikijua. Ulipoomba mbegu, niliona hata hiki kidogo nilichobaki nacho, mkono wangu, unataka kukichukua ukipande nyuma ya nyumba kwa kujifurahisha.

Sikujua kwamba ni chakula. Lakini hata ningejua siku ile, siwezi kukuapia kwamba ningeiacha ile sufuria.

Wanawake wale wanne waambie ni mimi. Wape jina langu na kijiji changu.

Felista


Kingolwira,
14 Agosti 1994

Felista,

Barua yako niliipokea mwezi wa saba. Nimeiweka. Sikutaka kuijibu, Deogratias ndiye aliyesema nijibu.

Kuna jambo sikukuandikia mwezi wa tano kwa sababu nilikuwa naona aibu nawe. Janeth alijipiga nyundo kwenye kidole mwezi wa nne, akiponda kokoto. Kidole cha pili cha mkono wa kushoto. Tulikiosha kwa maji ya chumvi tukidhani kitapona. Kikaoza. Hospitalini wamekikata.

Nilipomsomea barua yako, hakulia. Aliuliza tu, "Mama mkubwa aliziosha kwa maji ya moto?" Nikamwambia ndiyo. Akaenda nje.

Usituletee kitu chochote. Wala usiniombe radhi, sitajua nikujibu nini.

Martina


Matombo,
4 Septemba 1994

Martina,

Sikuombi radhi. Nakuandikia kukueleza nilichofanya, ukisikie kwangu kabla ya Sabra.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa mjomba Kasimiri, nikamwambia aite ukoo. Akauliza, "Kuna nini?" Nikasema nitasema mbele ya wote. Walikuja Jumapili iliyopita baada ya misa, wakakaa uani kwake, wajomba watatu na mama wadogo wote, hata Eufrazia ambaye siku hizi anabebwa. Yohana alikuwapo pembeni.

Nikasimama nikasema yote. Maji ya moto, ungo, kopo. Nikasema vitalu vitano, na kidole.

Mjomba akasema, "Felista, unaelewa unachokisema?"

"Naelewa, mjomba."

"Mtoto wa mdogo wako. Damu ya ukoo."

"Ndiyo."

Mama mdogo Eufrazia akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Kwa nini, mwanangu?" Nikamwambia ni wivu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengine marefu, lakini mdomoni lilitoka hilo moja. Akafunika uso kwa khanga.

Nikawaambia bustani ya mtoni wasisubiri nife. Wampe Janeth sasa, kabla ya vuli, kwa kauli ya ukoo, na mpaka uwekwe. Mimi nitabaki na kile kipande cha juu cha Yohana, chenye mawe. Wakabishana. Mjomba mmoja akasema mtoto wa shule hawezi jembe. Nikasema ataweza au hataweza, ni lake. Mwisho wakakubali, wakateremka wote mtoni, wakatembea mpaka kwa mpaka wakitaja majina ya miti.

Tulipofika nyumbani Yohana alisema, "Kumbe nimekuwa nikila kutoka mikono hiyo." Tangu siku ile anakula kwa kaka yake. Godfrey ndiye anayempelekea dawa ya kifua.

Bustani ipo. Akitaka aje, asipotaka ikae pori. Siwezi kufanya zaidi ya hapo.

Felista


Matombo,
6 Novemba 1994

Mdogo wangu Martina,

Najua unajua kwamba Janeth amefika, maana hakuja bila ruhusa yako. Hukuandika, na yeye hakuleta neno kutoka kwako. Lakini mama yake ni wewe, utataka kujua anaishije.

Alikuja na gari la ndizi wiki tatu zilizopita. Ana begi moja na boksi la pakiti za mbegu alizopewa kwa mkopo na duka moja la mjini: karoti, kabichi, pilipili hoho. Amefikia kwa mjomba. Siku ya pili nilimwona mtoni, anapima kwa hatua na kuandika kwenye daftari. Nikasimama mbali. Sikuitwa.

Jembe lilimsumbua mwanzoni kwa sababu ya kile kidole. Aliufunga mpini kwa kitambaa, akabadilisha mkono wa mbele. Siku tatu za kwanza malengelenge, siku ya nne akazoea. Anainua matuta kwa kamba na vigingi, yamenyooka kama mistari ya daftari. Sijawahi kuona matuta ya namna ile pale mtoni, na Mungu anisamehe, nilitafuta kosa nikalikosa.

Siku ya tano alinijia. Mara ya kwanza kuongea nami. Akasimama kwenye mpaka, hakuuvuka.

"Mama mkubwa, zile ngogwe zako nazing'oa."

Ngogwe zilikuwa bado zinazaa, Martina. Nyeupe, zimejaa. Nikamwambia, "Hizo ni mbegu za bibi yako. Mahali pengine hakuna."

"Najua," akasema. "Lakini mimi nataka karoti. Wanunuzi wa Dar wanapanda na malori mpaka misheni, wanauliza karoti. Ngogwe siwezi kuziangalia."

Nilitaka kubisha. Kisha nikautazama ule mkono wake ulioshika jembe, nikaacha. Akaanza kung'oa. Shina moja, la pili, la tatu, mizizi inatoka na udongo wake. Mistari kumi na minane ni kazi ya siku nzima kwa mtu mmoja. Nikarudi nyumbani, nikakaa, nikashindwa kukaa. Nikachukua jembe langu nikateremka. Nikamwuliza, "Nianzie upande gani?" Akanionyesha kwa kidevu upande wa mto. Tuling'oa mpaka jua likaegemea, yeye huku, mimi kule. Hatukuacha hata shina moja, na sikuweka mbegu hata za kuonja.

Sasa karoti zimeota. Anaziondolea magugu kwa kuchuchumaa. Nikimwona kwa mbali mgongo wake ni wa mama kabisa. Sitakudanganya tena, wivu haujaniisha. Namtazama nahesabu, wangu sasa angekuwa na miaka ishirini. Nahesabu, kisha naenda kuchota maji.

Yohana amerudi nyumbani. Anakula, ila hasifu.

Felista


Kingolwira,
27 Novemba 1994

Dada Felista,

Shikamoo.

Huku tunaendelea. Deogratias amepata kibarua cha ulinzi katika ghala moja, si haba. Wale wanawake wanne niliwasomea barua yako ya mwezi wa sita, ukurasa kwa ukurasa. Wawili wamerudi kunisemesha. Vuli hii tumepanda bamia na mchicha kwenye vitalu vilevile na vimeota kila mahali, mpaka tunapunguza. Nimekuwa nikikaa pale kando ya tuta nikiitazama mikono yangu.

Janeth ameandika. Hakusema kwamba ulimsaidia kung'oa. Alisema tu kwamba kazi ya siku nzima ilikwisha mapema.

Dada, kuna jambo umelibeba peke yako miaka kumi na minane na si haki. Siku ile mama alipombeba Janeth mlangoni na kusema yale maneno, umeandika kana kwamba mimi nilikuwa nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimejilaza kitandani na macho yangu yalikuwa wazi. Niliuona uso wako. Niliiona ile ndoo mkononi mwako, na maji yakimwagika sakafuni. Nilijua Esther ana miezi minne tu ardhini. Ningeweza kusema, "Mama, usiseme hivyo, Felista yupo." Maneno hayo yalinifika mdomoni.

Sikuyasema kwa sababu nilifurahi. Tangu utoto mama alikuwa akikuita wewe kwenda bustanini na mimi akiniacha jikoni. Siku ile nilikuwa nimekushinda kwa mara ya kwanza. Ulipokuja kuniogesha, nilikuachia uniogeshe, na moyoni nilikuwa nacheka. Nilikuja kucheka tena kwenye ile barua ya Januari, na nilipoandika wavulana watupu nilijua kabisa ninamwacha nani. Nililiandika lile neno kwa makusudi.

Hili halipunguzi ulichofanya. Kidole cha mwanangu hakirudi, na wapo watu waliolala na njaa masika yote. Sijui kama nitakusamehe, na wewe pia una la kunisamehe ambalo hukuwa unalijua. Nimeona bora tudaiane wote wawili kuliko uendelee kudaiwa peke yako.

Jumamosi ijayo napanda na gari la ndizi kumwona Janeth. Nitafikia kwa mjomba, usinitandikie. Lakini Jumapili tukitoka misa nisubiri pale mlangoni mwa kanisa, unipeleke alipolala Esther. Mazishi yake sikuja, nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na baada ya hapo kila nilipopanda huko nilipita njia nyingine. Nitakuja na jembe dogo. Tutapalilia pamoja, wewe uniambie alikuwa anapenda nini.

Mdogo wako,
Martina